KOMPYUTA YA INJINI ISIPOJIBU: MAELEZO KWA WENYE MAGARI NA MAFUNDI

Wananchi wanaomiliki na wanaoendesha magari katika visiwa vya Unguja na Pemba wanaarifiwa kwamba makala haya yanahusu hitilafu moja ambayo imekuwa ikiwatoa watu fedha nyingi bila ya sababu. Hitilafu yenyewe ni ile ambayo gari hukataa kuwaka, au huzima njiani, na fundi anapounganisha mashine yake ya kusomea hitilafu huambiwa kwamba kompyuta ya injini haipatikani. Aghalabu alama inayoonekana ni U0100, ambayo maana yake ni kuwa mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea. Hapo ndipo mwenye gari anapoambiwa, mara nyingi kabla hata betri haijapimwa, kwamba kontroli boksi imekufa na kwamba hapana budi itafutwe nyingine.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba alama hiyo haisemi kuwa kompyuta imekufa. Inasema kuwa haikusikika. Baina ya mambo mawili hayo pana masafa marefu, na katika masafa hayo ndimo zinamopotea fedha za watu.

Gari la siku hizi lina kompyuta zaidi ya moja. Ipo ya injini, ipo ya breki, ipo ya giaboksi, ipo ya mifuko ya hewa, na ipo ya dashibodi. Kompyuta hizi huzungumza kupitia waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Utaratibu wa mazungumzo hayo unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuubuni mwaka 1983 na kuutangaza mjini Detroit, Marekani, mwaka 1986. Na kuanzia magari ya mwaka 2008 ulifanywa wa lazima kwa gari ndogo zinazouzwa nchini Marekani. Kila kompyuta hutoa taarifa zake mara nyingi katika kila sekunde, na nyengine huzisikiliza. Kompyuta ya breki, kwa mfano, hutaka kujua mwendo wa injini. Ikikaa muda uliowekwa bila ya kuisikia, basi huandika U0100 katika kumbukumbu yake yenyewe. Kwa hiyo aliyeandika si mgonjwa bali ni jirani yake. Mtu akipiga simu Micheweni ikawa haipokelewi, hasemi kuwa aliyepigiwa amefariki. Huenda simu imeisha chaji, huenda mtandao umekatika, na huenda mwenyewe yuko konde na simu ameiacha nyumbani.

Mwandishi wa makala haya yalimfika mwenyewe mwaka 2017. Gari yake ndogo ilizima katika barabara ya Chwaka akiwa anampeleka mama yake mzazi kwenye miadi ya macho, na miadi hiyo ikapita. Gereji ya kwanza ilisoma alama iliyotajwa hapo juu ikaamua kuwa kontroli boksi imekwisha. Ikanunuliwa nyengine iliyokwishatumika, kwa shilingi laki nne na nusu, na gari haikuwaka. Ilipoulizwa sababu, jawabu likawa kwamba kompyuta mpya haiutambui ufunguo, na kwamba itafutwe na ya tatu. Gari ilikaa uani wiki mbili. Hatimaye mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi ya umeme melini, aliomba spana namba 10 tu. Akafungua boliti moja ubavuni mwa injini, mahali unapofungwa waya wa hasi. Chini ya boliti ile palikuwa na kutu ya kijani kama rangi ya jani la mgomba. Akaisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akarejesha kompyuta ya mwanzo, na gari ikawaka. Kazi haikufika nusu saa. Kompyuta ile ya laki nne na nusu ingali kabatini hadi leo, na hakuna anayeitaka.

Hivyo basi, jambo la kwanza si kufungua kitu chochote bali ni kuiangalia gari. Funguliwa swichi bila ya kuwasha injini. Je, taa ya injini kwenye dashibodi inawaka? Ikiwaka kama kawaida, na injini ikazunguka na kushika, basi kompyuta iko hai na inapata umeme. Kilichokatika ni njia ya mazungumzo, na hapo kubadilisha kompyuta ni kosa la wazi. Ikiwa taa hiyo haionekani kabisa, wala pampu ya mafuta haisikiki, na stata inazungusha injini bure, basi yawezekana sana kuwa kompyuta haipati umeme. Maswali mawili hayo hayahitaji mashine, na mwenye gari anaweza kuyajibu kabla fundi hajafika.

Linalofuata ni betri. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 au karibu yake; ikisoma 12.2 imebakiwa na kiasi cha nusu tu. Wakati stata inazunguka, umeme haufai kushuka chini ya volti 9.6 hivi, kwani kompyuta nyingi hushindwa kufanya kazi umeme unaposhuka sana, na zikisharudi huandika kuwa wenzao walipotea. Alama za mawasiliano zilizojaa katika kompyuta zote kwa wakati mmoja mara nyingi ni dalili ya betri dhaifu na si jengine. Injini ikishawaka, mita isome baina ya 13.5 na 14.5 kwa gari nyingi. Wenye magari ya mseto wa petroli na umeme wazingatie kwamba, mbali na betri kubwa, gari zao zina betri ndogo ya volti 12, nayo ikichoka gari huonesha hitilafu za ajabu ambazo hazina ukweli. Waya wenye rangi ya chungwa katika gari hizo usiguswe na asiyesomea. Umeme wake unaua.

Aidha, mashine ya kusomea hitilafu nayo ichunguzwe kabla ya kuaminiwa. Soketi ya kuchomekea mashine ina matundu 16. Tundu la 16 hutoa umeme wa betri moja kwa moja, na la 4 ni la hasi. Ikiwa mashine haiwaki hata taa yake, kosa liko hapo, na mara nyingi ni fyuzi iliyoungua, ambayo katika gari kadhaa ni ile ile ya kiwashio cha sigara ambapo abiria huchajia simu. Mashine ikiwaka lakini haisomi chochote, iulizwe kama inaifahamu gari hiyo. Gari nyingi zinazoletwa huku zilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na za miaka ya nyuma zina soketi yenye umbo lile lile la kimataifa ilhali lugha iliyomo ni ya kiwanda chenyewe. Mashine ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa magari ya Marekani itasema kuwa kompyuta haijibu, na itakuwa inasema kweli; lakini ni sawa na mtu kuongea Kichina sokoni Darajani kisha kusema kwamba watu wa pale ni mabubu.

Katika Toyota nyingi za zamani pana njia ya kuiuliza kompyuta bila ya mashine. Swichi ikiwa imefungwa, tundu la 13 huunganishwa na tundu la 4 kwa kipande cha waya, kisha swichi hufunguliwa, na taa ya injini huanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila ya kusita, hakuna hitilafu iliyoandikwa. Ikikonyeza kwa mafungu, mafungu hayo ni namba ya hitilafu. Muhimu kwa makala haya ni kwamba taa ikikonyeza, kompyuta iko hai. Anayefanya hivyo ahesabu matundu kwa uangalifu na mwangaza wa kutosha, kwa sababu tundu la 16 lina umeme wa betri, na kulikosea ni kuunguza kile alichotaka kukiokoa.

Baada ya hapo ndipo zinapofuata fyuzi na rilei. Fyuzi isipimwe kwa macho, kwani uzi wake waweza kuonekana mzima na kumbe umekatika miguuni. Swichi ikiwa wazi, taa ya kupimia iguswe juu ya fyuzi pande zote mbili, na pande zote mbili ziwake. Rilei kuu ya injini ibadilishwe kwa muda na nyengine ya namba ile ile kutoka kwenye kisanduku hicho hicho, kwa mfano ya honi, iwapo zinafanana. Gari ikiwaka, tatizo limepatikana kwa bei ya rilei moja. Fundi asiishie kuziangalia fyuzi zilizo chini ya boneti pekee. Nyingi zina kisanduku cha pili ndani, karibu na miguu ya dereva.

Suala la waya wa hasi, ambao mafundi huuita athi, linastahili kutazamwa kwa kirefu zaidi, kwani hapa visiwani ndiko linakoumiza kuliko bara. Hewa yetu ina chumvi. Gari zinazovushwa kutoka Dar es Salaam hunyunyiziwa maji ya bahari zikiwa sitahani. Mvua za masika zikijaza barabara, maji hupanda mpaka ndani ya milango. Shaba ikikutana na chumvi na unyevu huota ile kutu ya kijani, nayo hutambaa ndani ya mpira wa waya pasipoonekana kwa nje. Boliti ya athi yaweza kuwa imekazwa vizuri na kumbe baina yake na bodi pana ngozi nyembamba ya kutu au rangi inayozuia umeme. Kompyuta isiyopata hasi nzuri haifanyi kazi hata ikipewa chanya ya betri tatu.

Kuipima athi kwa omu, gari ikiwa imezimwa, hakutoshi. Waya uliobakiwa na uzi mmoja kati ya ishirini utaonekana mzima kwenye mita, kwa sababu mita hupitisha umeme mdogo mno. Ipimwe ikiwa kazini. Mkono mmoja wa mita uwekwe kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, na mkono wa pili kwenye waya wa hasi pale unapoingia kwenye kompyuta, huku swichi ikiwa wazi. Kipimo kinachokubalika ni sehemu ya kumi ya volti au pungufu. Kikizidi mbili ya kumi, njia hiyo ina kizuizi na ifuatwe hatua kwa hatua mpaka mahali namba inaporuka. Kwa upande wa chanya, badala ya mita peke yake itumike taa ndogo ya wati 5 baina ya waya wa umeme unaoingia kwenye kompyuta na athi nzuri, plagi ya kompyuta ikiwa imechomolewa. Taa ikiwaka kwa nguvu, waya ni mzima. Ikiwaka hafifu ilhali mita ilisoma 12, basi mita ilimdanganya fundi.

Kwa kazi hii ramani ya waya za gari husika ni lazima, kwani rangi na nafasi za waya hutofautiana baina ya gari na gari. Kompyuta nyingi hupokea umeme wa kudumu kutoka betri, umeme unaokuja kwa swichi au rilei, na waya za hasi zaidi ya moja. Ukikosekana mmoja, kompyuta huweza kunyamaza. Na mafundi wanaombwa waache tabia ya kutoboa waya kwa sindano ili kupima. Kitundu kile huonekana si kitu, lakini hapa kwetu ni mlango wa chumvi, na baada ya miezi michache waya hukatikia pale pale. Sindano iingizwe kwa nyuma ya plagi, sambamba na waya, bila ya kujeruhi mpira wake. Plagi na waya zilizofunikwa kwa rangi ya manjano ni za mifuko ya hewa na zisipimwe kwa taa wala mita.

Lipo jambo jengine ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Kompyuta ya injini hutengeneza umeme mdogo wa volti 5 na kuwagawia sensa zake. Sensa moja ikiharibika kwa ndani, au waya wake ukigusa bodi, umeme huo wote huanguka, na katika gari kadhaa kompyuta nzima hunyamaza pamoja nao. Dawa yake ni subira. Sensa zichomolewe moja baada ya moja, swichi ikifungwa kabla ya kila moja na kufunguliwa tena baadaye. Pale taa ya injini itakaporudi, sensa iliyotoka mwisho ndiyo mwenye kosa.

Ikiwa umeme na athi ni sahihi na bado kompyuta haisikiki, hapo zipimwe zile waya mbili za mazungumzo. Katika soketi ya matundu 16, waya hizo hufika kwenye tundu la 6 na la 14. Kila mwisho wa njia hiyo pana kizuizi cha omu 120, na vikiwa viwili pamoja hutoa omu 60. Betri ifunguliwe waya wa hasi, isubiriwe dakika chache, kisha mita iwekwe baina ya matundu hayo mawili. Ikisoma karibu na 60, njia ni nzima kutoka mwisho hadi mwisho. Ikisoma 120, mwisho mmoja umepotea. Na kwa kuwa katika gari nyingi kizuizi kimojawapo kimo ndani ya kompyuta ya injini, huenda waya umekatika kabla ya kuifikia au plagi yake imelegea. Ikikaribia sufuri, waya mbili zimegusana. Kisha betri irudishwe, na kila waya upimwe kwa volti dhidi ya athi: wote wawili hucheza karibu na 2.5, wa tundu la 6 ukiwa juu kidogo na wa tundu la 14 chini kidogo. Mmoja ukisoma sufuri au 12, umegusa kisichokuwa chake. Magari mapya kadhaa yana kompyuta ya mlangoni inayosimama baina ya soketi na njia za ndani, na kwa hayo vipimo hivi havitoi picha ya upande wa injini. Ramani ndiyo itakayosema pa kupima.

Waya hizo zikishajulikana kuwa na kosa, aulizwe mwenye gari ni nini kilifanywa karibuni. Je, imefungwa king'ora, redio mpya, au kifaa cha kufuatilia gari? Waya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa gundi nyuma ya dashibodi ni miongoni mwa sababu za mwanzo. Je, injini iliosheshwa kwa maji ya kasi? Je, gari ilikaa muda mrefu bila ya kutembea? Panya hupenda joto la injini na hawana huruma na waya. Pale waya unapoungwa, uungwe kwa kulehemiwa na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa moto, na zile mbili za mazungumzo zirudishwe katika msokoto wao, kwani msokoto huo ndio unaozikinga na kelele za umeme wa koili na alteneta.

Kompyuta yenyewe hushukiwa mwisho, baada ya yote hayo kupimwa na kuandikwa. Zipo kweli zinazokufa: zilizoingia maji, zilizoungua kwa betri kufungwa kinyume, au zilizopigwa na umeme wa kuchomelea bodi bila ya kufungua waya za betri. Zikifunguliwa, mara nyingi alama za maji au moto huonekana kwa macho. Anayelazimika kununua iliyotumika ahakikishe namba kwenye kibandiko ni ile ile, herufi kwa herufi. Kwa Toyota nyingi namba hiyo huanza na 89661. Kufanana kwa plagi hakutoshi. Tena aulize mapema, kabla ya kutoa fedha, ni nani atakayeifundisha kompyuta hiyo kuutambua ufunguo wa gari, kwa sababu kwenye gari zenye kinga ya wizi injini haitashika mpaka hilo lifanywe.

Kwa upande wa mwenye gari, ana haki ya kumuuliza fundi maswali manne kabla ya kukubali: betri ilisoma ngapi, athi ilisoma ngapi, umeme unaoingia kwenye kompyuta ulipimwa kwa taa au la, na omu baina ya tundu la 6 na la 14 ni ngapi. Fundi aliyepima atajibu kwa namba bila ya kukasirika. Kompyuta ya zamani iachwe mikononi mwa mwenyewe, isibakishwe gereji. Kazi ikimalizika, alama zote zifutwe, gari itembezwe kwa muda, ikiwa ni pamoja na kupitishwa kwenye barabara yenye mashimo, kisha zisomwe upya. U0100 ikirudi baada ya mitikisiko hiyo, plagi ya kompyuta na waya zake zitikiswe kwa mkono huku mtu wa pili akiitazama mashine, na mahali mawasiliano yanapokatika ndipo pa kufungua.